Jua la Dodoma na maji ya Mtera

Mhariri,

Kwenye kiti changu cha kinyozi hapa Ihumwa nasikia mengi. Siku hizi wateja wanasema Bwawa la Nyerere limemaliza shida: megawati 2,115, mitambo tisa, sola ya nini tena? Naomba nafasi niwajibu, maana wakiwa wananyolewa siwezi kubishana nao.

Tuliokuwapo Oktoba 2015 tunakumbuka mitambo ya maji ilivyozimwa nchini kwa sababu ya ukame. Mtera, hapo mpakani kwetu na Iringa, ndiyo ghala la maji. Hutoa megawati 80 zake, kisha maji yaleyale hushuka mpaka Kidatu, kwenye mitambo ya megawati 204. Maji yasiyofunguliwa mchana yanabaki kwa ajili ya jioni, watu wakisharudi nyumbani na kila chumba kina taa, televisheni na pasi. Jua likibeba mzigo wa mchana, bwawa linapumua. Hao wawili hawagombanii mteja.

Kishapu, mkoani Shinyanga, mradi wa sola umepangiwa megawati 150, awamu ya kwanza 50. Mwanzo mzuri, ila kwa gridi iliyovuka megawati 4,000 hiyo ni chumvi tu kwenye sufuria la harusi. Dodoma mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, na hata hizo za kuhesabu. Miezi inayobaki ni jua tupu. Njia ya kupitishia umeme nayo ipo: laini ya kilovolti 400 ya Iringa hadi Shinyanga inapita Dodoma.

Wahandisi wasisahau vumbi. Nina paneli mbili juu ya banda langu, na ikifika Septemba mashine ya kunyolea inaanza kulegea mpaka nipande na kitambaa kibichi. Dumu la maji nanunua. Sasa fikiria ekari kwa ekari za paneli: maji ya kuziosha yatatoka wapi? Swali hilo lijibiwe kabla ya kugawa viwanja.

Wakati tukisubiri mashamba makubwa, tuanzie Mji wa Serikali, Mtumba. Ofisi zile hufanya kazi mchana, na viyoyozi vinanguruma saa zilezile jua linapowaka. Wizara ya Nishati ituambie ni paa ngapi za pale zitawekwa paneli, na lini.

Kinyozi,
Ihumwa, Dodoma