Daraja sawa, ila pale kivukoni Pangani msipaache pafe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na wahusika wa Pangani, na sisi wasafiri pia maana tunajua kulalamika tu. Daraja la mto Pangani ni jambo la heri, mita 525 sio mchezo, na barabara yenyewe ndo ile ya kutoka Tanga kupitia Saadani mpaka Bagamoyo, na watu wa Bweni, kijiji cha ng'ambo ya mto, wameteseka sana, mjamzito akishikwa uchungu usiku aanze kusubiri kivuko, hapo sina ubishi kabisa. Ila magari yakishahamia darajani, pale kivukoni atabaki nani?

Nauliza kwa sababu juzi nilikuwa naelekea Mkwaja, usafiri ukanizingua, nikasema potelea mbali nachukua gesti nalala hapahapa. Jioni nikashuka mtoni, nikaagiza kahawa na kashata, pembeni kuna mama anauza mihogo na pweza, supu yake ina pilipili mpaka machozi. Sasa kilichonishika ni maji. Ilikuwa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu au mwandamo, bahari inajaa, nikaona makumbi ya nazi yanapanda mto badala ya kushuka! Yaani mto umetoka huko Kilimanjaro na Meru, umetembea kama kilomita 500, umefika mlangoni halafu unasukumwa urudi ulikotoka. Huku maji ya tope, kule ya bahari, katikati mstari wa povu umejipinda, na vijana wa ngalawa wamejazana palepale kwenye mstari na mishipi yao, wanajua wanachokitafuta.

Mzee mmoja wa mtumbwi nikamwamkia, tukapiga stori. Akaniambia mwanangu, chumvi siku hizi inapanda mbali, sio kama zamani. Nami nikaona ana hoja, huko juu bwawa la Nyumba ya Mungu linashika maji, mashamba ya umwagiliaji yanachota mengine, yakifika huku hayana nguvu ya kuizuia bahari na wenye minazi kandokando ya mto ndo wanaumia. Haya mambo nisingeyajua nikiwa kwenye basi linalopita darajani dakika moja, vioo vimefungwa, bongofleva juu.

Watalii wanaletwa Pangani kuangalia Boma, lile jengo la kale la utawala, na kusikia habari za Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, akanyongwa hapo Desemba 1889, vizuri tu, ila wakimaliza wapelekwe na mtoni basi, waingie boti waone mikoko, hela ibaki mjini.

Ombi langu sio kubwa. Boti za abiria za kwenda Bweni ziendelee, maana mtu wa kwenda sokoni na kapu lake hawezi kuzunguka darajani kwa bodaboda kila siku, nauli itamla. Wekeni taa, mabenchi mawili matatu, na mapipa ya taka, maana chupa za plastiki nilizoziona zikipanda na kushuka na maji zinatia aibu, na hapo ni sisi wateja wenyewe tunaozitupa tusimsingizie mtu. Ila jamani msije mkajenga kitu kirembo halafu wachuuzi mkawafukuza. Yule mama wa pweza aulizwe kwanza meza yake anataka iwe wapi, kabla fundi hajamwaga zege.

Msafiri,
Muheza, Tanga