Ugonjwa wa damu kuganda si wa ajabu, cha ajabu ni makala yenu

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka na sijawahi kuwaandikia, hata mlipoipeleka Pangani yetu ya Tanga mkoa wa Lindi nilinyamaza. Ila hii ya juzi ya "ugonjwa wa ajabu unaogandisha damu za wanawake" imenishinda.

Kwanza ugonjwa una jina, sindromu ya antifosfolipidi, na Dk. Graham Hughes wa London aliuelezea tangu 1983, mimi bado navaa sketi ya shule. Sasa huo upya uko wapi? Mwandishi wenu kajaza nusu ukurasa kwa "damu nzito" na kitunguu saumu na maji ya uvuguvugu, halafu lupasi, ambayo ndo ndugu yake wa damu, kaipa mstari mmoja tena kaiita kansa. Sio kansa jamani! Ni kingamwili zako mwenyewe, askari wa mwili, zinakugeukia. Karibu theluthi ya wenye lupasi wakipimwa wanakutwa na hizi za kugandisha damu, ingawa si wote wanaopata mabonge, na wapo wanaougua huu wa kuganda bila lupasi kabisa.

Lakini kilichoniuma ni alichokiacha, kipimo cha kaswende. Nilikuwa mjamzito, mimba ya kwanza ilishaharibika, nikaenda kliniki na mume wangu maana walisema tuje wawili. Nesi akanyanyua kadi yangu pale dirishani akaita kwa sauti ya mnadani "yule mwenye kaswende na mumewe wasogee huku", foleni nzima ikageuka, nami nikaiona kadi imeandikwa RPR, ndo kipimo chenyewe cha kaswende, na alama ya kujumlisha kwa kalamu nyekundu, imekolezwa. Mume wangu kapimwa hana. Hakusema kitu mpaka tulipofika nyumbani, na aliyoyasema huko siyaandiki. Nikachomwa penisilini ya takoni ile inayokufanya utembee upande, mama mkwe akajua, mtaa ukajua, na mimba ilipotoka mwezi wa tano wakasema si mnaona, ndo huo ugonjwa wake. Miaka ikapita mpaka mguu wa kushoto ulipovimba, kumbe bonge la damu, nikapelekwa Dar, na daktari mmoja mama wa makamo akaniuliza kama niliwahi kuharibu mimba, maana ugonjwa huu huharibu na mimba, na kama niliwahi kuambiwa nina kaswende. Nikalia pale pale. Akanieleza kwamba kipimo kile hakimtafuti mdudu wa kaswende, kinatafuta kingamwili za mafuta fulani yanaitwa kadiolipini, ambayo maabara wanayatoa kwenye moyo wa ng'ombe, na mwenye ugonjwa wangu anazo tele, kwa hiyo kipimo kinamsingizia. Hata malaria inaweza kukichanganya! Ndo maana kuna kipimo cha pili cha kuhakikisha, kinachotafuta kingamwili za mdudu mwenyewe, na hilo madaktari wanalijua tangu kabla sijazaliwa. Mimi hakuna aliyenifanyia. Ndoa ilikuwa imeshakufa.

Huyo mama alinipima damu, akarudia baada ya wiki 12 maana majibu ya mara moja hayatoshi, akanianzishia warfarini, vidonge vya kuzuia damu isigande. Nilipoolewa tena na kushika mimba akanitoa kwenye warfarini, inadhuru mtoto tumboni, akaniweka kwenye aspirini ndogo na heparini, nayo ya kuzuia kuganda, sindano ya kila siku chini ya ngozi ya tumbo mpaka tumbo likawa na madoa ya bluu kama kanga iliyochuja. Mtoto yupo, anasoma. Mngeandika hayo, kuna dada mahali angekata kipande akaenda nacho kliniki. Kitunguu saumu atakipeleka wapi?

Na tukiwa hapo hapo, maduka ya dawa. Natumia warfarini, natakiwa damu ikipimwa INR, kipimo cha jinsi inavyochelewa kuganda, iwe kati ya 2 na 3, ikishuka naganda, ikipanda natokwa damu. Juzi naumwa goti, nimemtuma binti dukani, kijana kampa diklofenaki, dawa ya maumivu, kwenye kibahasha cha kaki, swali lake lilikuwa moja tu, za mia tano au za elfu? Diklofenaki juu ya warfarini unaweza kuvuja damu tumboni. Huyo kijana hana hata habari, na koti jeupe kavaa.

Basi pendekezo langu ni hili. Karibu na soko la Mgandini kuna mafundi mihuri. Nitachongesha muhuri mmoja wa kila kliniki ya wajawazito hapa mjini, umeandikwa HAYA MAJIBU BADO HAYAJAHAKIKISHWA, ugongwe kwenye kadi kabla nesi hajafungua mdomo. Na mmoja wa ziada nitauleta ofisini kwenu, mgonge juu ya makala za afya. Hela ya kuchonga natoa mimi, nyie toeni ya wino.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga