Mazoezi ya ushauri nasaha tufanye kwa Kiswahili, na mtaani

Mhariri,

Kila mkiandika habari za afya ya akili mnalia na uhaba wa makaunsela, na ni kweli wapo wachache, lakini mimi sa hii niko darasani nasomea hii kazi hapa Mombasa na nawaambia hata hao wachache tunavyofundishwa kuna walakini. Karibu mazoezi yetu yote ni maigizo ya darasani kwa Kiingereza. Mmoja klaenti mwingine kaunsela, mnakaa viti viwili mnatazamana, mwalimu yuko pembeni na karatasi ya maksi: umemtazama machoni, umerudia alichosema, hujamwambia la kufanya. Tiki, tiki, tiki. Halafu unapelekwa atachimenti kwenye zahanati huko Kisauni na hapo ndo unakutana na watu.

Nitoe kisa kimoja, nimebadilisha mambo mambo ili mwenyewe asijulikane. Mama mtu mzima kaja na wifi yake. Hakusema ana huzuni wala stresi, alisema moyo unamwenda mbio, kichwa kinawaka moto, mwilini kama vidudu vinamtembea, kashapimwa presha kashapimwa malaria hakuna kitu. Kila swali anajibu wifi. Mama macho chini, anakunja ncha ya leso anaikunjua. Kwa ile fomu yetu huyo ashaanguka, hatazami, hakuja peke yake, haelezi hisia, na supavaiza kutoka chuoni akaandika vivyo hivyo kuwa klaenti hashirikiani. Jamani, mama wa Pwani amkodolee macho kijana wa kiume ambaye ndo kwanza anamwona? Aliyeokoa siku ile ni nesi mmoja wa zamani pale, cheti cha kaunseling hana, akamwambia wifi kwa upole, "Wifi mtu, hebu nenda dirishani kaulize dawa ya mgonjwa wako kabla foleni haijawa ndefu." Wifi kutoka tu, mama akainua uso: "Mwanangu, binti yangu yuko Saudia, simu haishiki, na huyu aliyetoka ndiye aliyempeleka kwa ajenti."

Hapo sasa. Ungemwambia wifi atoke nje mara ya kwanza tu angenuna, na mama angeyalipia nyumbani. Ungemwacha akae eti sisi Waafrika mambo yetu ni ya familia, yule mama angeondoka na panadoli. Kuheshimu mila si kukubali kila kinachofanywa na ukoo, na hili nalisema kwa sababu kuna wenzangu wakisikia neno utamaduni wanafikiri ni kukaa kimya. Ujanja wa yule nesi ndo somo lenyewe na hakuna mahali umeandikwa kwenye notsi zetu.

Mjue pia hii fani ina deni kwetu. Mathari, ile hospitali ya magonjwa ya akili Nairobi, ilisimamiwa na daktari Mwingereza, J.C. Carothers, kuanzia 1938, na alipopewa kazi hakuwa hata amesomea magonjwa ya akili, halafu 1953 akaliandikia Shirika la Afya Duniani kwamba sonona, yaani dipresheni, ni nadra kwa Mwafrika. Ataionaje sasa, kama mgonjwa anasema vidudu na wewe unasubiri aseme huzuni?

Na wala sitaki tuvumbue kitu kipya. Zimbabwe huko Mbare, Harare, daktari Dixon Chibanda alianza 2006 na kina bibi, akawafundisha, wakakaa kwenye mabenchi nje ya kliniki wanaongea na watu kwa Kishona, wanaanza na kufungisisa, yaani kuwaza sana, manake ndivyo watu wenyewe wanavyosema. Mwaka 2016 utafiti wao ukatoka kwenye jarida la madaktari Marekani, na waliokaa na wale bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Hata hao Wamarekani kitabu chao cha kupimia magonjwa ya akili toleo la 2013 kina maswali 16 ya kumuuliza mtu mwenyewe: hili tatizo mnaliitaje kwenu, unaona limetoka wapi, nani ashakusaidia. Ukimuuliza hivyo mtu wa huku atakwambia kashaenda kwa sheikh kusomewa, au kwa pasta, au kwa mganga, na usimcheke, ila usidhani pia kila anayevaa buibui anataka kusomewa. Muulize. Na kama kuna mahali anafungwa minyororo hapo hakuna cha mila, hapo unapiga simu.

Kitu kingine watu wanaogopa kufungua mdomo kwa sababu ya polisi. Kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilikuwa kinamfunga mtu hadi miaka miwili kwa kujaribu kujiua, Mahakama Kuu imekitupa Januari 2025 tu, na wengi ninaokutana nao hawana habari. Kaunsela asipowaambia nani atawaambia?

Sheria ya makaunsela na wanasaikolojia tunayo tangu 2014 na bodi ipo. Ninachoomba ni kitu cha kawaida, masaa ya mazoezi yahesabiwe ya zahanati na mtaani, maigizo ya mtihani yafanywe kwa Kiswahili au Kigiriama au lugha yoyote ya watu wa pale utakapofanya kazi, na anayetupa maksi aijue hiyo lugha. Na manesi kama yule walipwe wawe wanakuja darasani, si kuletwa siku ya gradyueshen kupigwa picha. Vyuo vitasema hakuna bajeti, lakini ada tunalipa, na sisi tulio atachimenti hata nauli ya matatu tunajilipia wenyewe.

Mwanafunzi wa ushauri nasaha,
Mombasa