"Punguza mawazo" ni agizo lisilo na maelekezo

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ushauri ambao wengi wetu tumeusikia zahanati, msibani na hata barazani kwa jirani: "Punguza mawazo." Mgonjwa wa presha huambiwa hivyo anapokabidhiwa dawa zake, mjane huambiwa hivyo na wanaokuja kumpa pole, na kijana aliyekosa kazi huambiwa hivyo na wazazi wake. Shangazi yangu aliambiwa maneno hayo na mhudumu wa afya. Alipouliza atayapunguzaje, alijibiwa kwamba asiwe anawaza sana, kisha akaitwa mgonjwa aliyefuata. Simlaumu mhudumu yule, maana foleni ilikuwa ndefu, lakini ninaamini kuwa anayeagizwa kupunguza kitu anastahili kuelezwa namna ya kukipunguza.

Ugumu ni kwamba wazo halifukuziki kwa amri. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo yeyote anaweza kulirudia nyumbani kwake. Waliwataka wanafunzi wa chuo kikuu wakae dakika tano bila kumfikiria dubu mweupe, na wagonge kengele kila atakapowajia kichwani. Kengele zililia mara kwa mara. Tena, waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Ikiwa mnyama asiyewahusu kwa lolote aliwashinda kumfukuza, itakuwaje kwa mtu anayedaiwa ada ya mtoto au aliyemzika mumewe juzi?

Kuwaza kwenyewe si ugonjwa. Mama anayekaa mchana na daftari lake, akapiga hesabu ya marejesho ya kikoba, akaona pungufu na kuamua kumwendea mweka hazina kabla ya siku ya kikao, anawaza jambo lenye mwisho. Lakini anayeshtuka saa tisa usiku na kuanza kujiuliza kwa nini alikopa, wenzake watamwonaje, mbona kila baya humpata yeye, akaendelea hivyo mpaka adhana ya alfajiri, hajafikia uamuzi wowote, na kesho yake ataanzia pale pale. Marekani tena, mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alikuwa amewapima wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford wiki mbili kabla ya tetemeko la ardhi la Loma Prieta, huko California, la Oktoba 1989. Waliokuwa na mazoea ya kuyarudiarudia mawazo ya huzuni ndio walioonyesha dalili zaidi za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, hata wiki saba baada ya tetemeko.

Kinachowezekana ni kuipa akili mahali pa kukaa. Tuchukue kazi ya kuchambua mchele. Mtu amekaa mkekani, ungo uko mapajani. Anauhisi uzito wake, anatazama punje zinavyosogea chini ya ncha za vidole, anaona kijiwe cheusi, anaona chuya, anausikia mchele unavyochakarika anapoutikisa. Baada ya muda mfupi atagundua kwamba hayupo tena pale: yuko kwenye kikao cha kikoba, anajibizana na mweka hazina. Hapo ndipo penye somo lote. Hatakiwi kujikaripia wala kubishana na wazo lile. Anakiri tu moyoni kwamba ameanza kuwaza deni, kisha anarudisha macho na vidole kwenye mchele. Punde atapotea tena, na atarudi tena. Wengi hukata tamaa hapa, wakidhani wameshindwa kwa sababu mawazo yamerejea, ilhali kule kugundua kwamba umeondoka, ukarudi bila ugomvi, ndiko zoezi lenyewe. Usiku, ambapo hakuna mchele, pumzi yatosha: hewa inavyoingia puani ikiwa baridi na kutoka ikiwa na uvuguvugu, tumbo linavyopanda na kushuka, visigino vinavyolalia godoro. Jana na kesho haziguswi kwa vidole, na akili iliyo kwenye vidole haina nafasi kubwa ya kuzihudumia.

Haya si maneno ya kubembelezana tu. Mmarekani Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa mazoezi ya namna hii mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa kozi ya wiki kadhaa. Baadaye wanasaikolojia Zindel Segal, Mark Williams na John Teasdale waliyaunganisha na tiba ya sonona, na mwaka 2000 wakachapisha matokeo ya wagonjwa 145 waliokwisha kupona. Miongoni mwa waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, asilimia 66 ya waliopata huduma ya kawaida waliugua tena. Kwa waliofundishwa mazoezi haya ilikuwa asilimia 37. Waliougua mara mbili tu hawakupata nafuu hiyo, jambo linalonifanya nisiyahubiri kama dawa ya kila mtu.

Najua wapo wasomaji watakaotia shaka kwa sababu za dini, kwa kuwa Kabat-Zinn alichota mengi kutoka kwa Wabudha. Shaka hiyo naiheshimu, ila kuangalia pumzi au mchele hakumwombi mtu akiri imani yoyote. Muislamu anayehimizwa kuswali kwa khushui, na Mkatoliki anayesali rozari, wanajua tayari jinsi akili inavyotangatanga na inavyorudishwa, ingawa ibada ina makusudi yake makubwa kuliko kutuliza kichwa.

Niseme pia kwamba mchele hauwezi kulipa deni, wala pumzi haimwondoi mume anayepiga. Yapo mambo yanayodai mwenyekiti wa mtaa, mwanasheria au polisi. Tena, kwa aliyepitia ukatili, kufumba macho na kukaa kimya kunaweza kuyaleta yale yale anayoyakimbia. Huyo afadhali aache macho wazi, akanyage sakafu kwa miguu yote miwili, na asifanye peke yake. Anayekosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki kadhaa, au anayefikiria kujiua, apelekwe hospitali mara moja.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Ukurasa wako wa afya unapoandika kuhusu presha, usingizi au msongo wa mawazo, usiishie kwenye kuwaambia wasomaji wapunguze mawazo. Uchapishe zoezi lenyewe, hatua kwa hatua, kwa herufi kubwa ambazo wazee wataziona, ili mhudumu asiye na muda wa kueleza aweze kulikata na kulibandika ukutani, kwenye benchi wanaposubiri wagonjwa.

Wako mwaminifu,
Msomaji, Tanga