Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wazee wetu, na ndugu wanachama mliofika pamoja na mtakaoisoma taarifa hii mkiwa majumbani: Assalam aleikum, na habari za mchana.

Shughuli za mwaka za chama chetu cha wakusanyaji wa vigari vya kuchezea mnazijua, sitawachosha. Vikao vya Jumapili ya kwanza vilifanyika, isipokuwa Agosti ambapo wengi wetu huwa tumekwenda nyumbani Afrika Mashariki. Soko la kubadilishana vigari lilifanyika Mei. Tulitembelea Hackney, mashariki mwa London, kando ya mto Lea, kuona mahali kilipokuwa kiwanda cha Lesney, kampuni iliyotengeneza vigari vya Matchbox. Jengo lilibomolewa na sasa pana fleti za watu. Tulifiwa na mwanachama mmoja, Mungu amrehemu, na rambirambi ilifikishwa. Maonyesho ya Oktoba yalifanyika, na hayo nitayarudia.

Mahudhurio ni aibu. Kwenye daftari tuko 58. Kikao cha Februari walikuja tisa, na wawili kati ya hao walikuwa wake wa wajumbe waliosubiri kurudishwa nyumbani. Ziara ya Hackney, ambayo niliipanga mimi mwenyewe tangu nauli hadi chakula, ilikuwa na watu sita. Kwenye kundi la WhatsApp lakini hakuna asiye na maoni. Kuhusu ada, waliolipa ni 21. Ada yenyewe ni pauni 20 kwa mwaka mzima. Yuko mwanachama, naye anajijua, aliyenunua kigari kimoja mnadani kwa zaidi ya pauni 100 huku akidaiwa ada ya miaka miwili, kisha akatuma picha kundini ili tumpongeze. Sikumpongeza.

Hesabu kwa ufupi: ada pauni 420, kiingilio cha maonyesho 185, soko 96, mchango wa Mwenyekiti kutoka mfukoni mwake 150, jumla 851. Matumizi: ukumbi 540, bima 78, vitambaa vya meza na vibao 82, chai na mandazi 74, rambirambi 50, jumla 824. Salio ni pauni 27. Atakayetaka stakabadhi amwone Mweka Hazina. Ule mchango wa 150 sikutaka utajwe, ila Mweka Hazina alisisitiza kwamba bila huo hesabu hazifungi.

Sasa nije kwenye jambo lililozua maneno, yaani uamuzi kwamba meza kuu ya maonyesho iwe ya vigari vya Lesney tu, na mwisho wake uwe Juni 1982. Imesemwa kwamba niliamua peke yangu. Kikao cha Juni kiliitishwa mahsusi kwa ajenda hiyo, kikakosa akidi. Katiba yetu, kifungu cha 9, inampa Mwenyekiti madaraka ya kuamua jambo la dharura. Maonyesho yalikuwa mlangoni na vibao havijachapishwa. Kama hiyo si dharura, sijui dharura ni ipi. Neno "dikteta" nimelisoma. Nimelisamehe.

Wanaonipinga wanasema Matchbox ni Matchbox. Ndugu zangu, boksi lisiwadanganye. Tunachokienzi ni kiwanda na mikono ya watu. Leslie Smith na Rodney Smith, ambao hawakuwa ndugu, walianzisha kampuni Januari 1947 na kuunganisha majina yao kupata Lesney. Walifanyia kazi kwenye baa iliyokwishafungwa, The Rifleman, kaskazini mwa London, wakisubu vipuri vya viwanda kwa aloi ya zinki. Vya kuchezea vilikuja kwa sababu ya kodi: wateja wao walipunguza mali stoo kabla ya 31 Desemba, oda zikakauka, na mashine haziwezi kukaa bure. Rodney aliondoka mwaka 1951. Jack Odell, fundi hasa wa kalibu, ndiye aliyebaki na Leslie.

Mwaka 1953 mfano mdogo wa gari la farasi la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth uliuzwa zaidi ya milioni moja. Mwaka huo huo ikatoka rola ndogo ya barabara, ya kuchezea. Binti wa Odell, shuleni kwao, aliruhusiwa kuja tu na kitu kinachoingia kwenye boksi la kiberiti, baba akamtengenezea. Ndipo jina Matchbox, yaani boksi la kiberiti, lilipotoka. Rola ikawa namba 1, dampa namba 2, mashine ya kuchanganya zege namba 3, hadi orodha ikafika 75. Miaka ya 60 kiwanda kilitoa zaidi ya vigari milioni moja kwa wiki, na wengi wa waliovipaka rangi na kuvifunga ni akina mama wa mashariki mwa London. Juni 1982 kampuni ikaingia mikononi mwa wafilisi. Jina likanunuliwa na kampuni ya Universal ya Hong Kong, mwaka 1992 likaenda kwa Tyco ya Marekani, na 1997 likaangukia kwa Mattel, Wamarekani wale wale ambao vigari vyao vya Hot Wheels vya 1968 ndivyo vilivyowatoa Lesney jasho. Kwa hiyo anayeniletea kigari cha miaka ya 90 na kuniambia "ni Matchbox hii", namwomba akigeuze tumboni asome. Lesney haimo.

Upande wa pili wako wakereketwa wanaotaka mstari uwe 1969, mwaka Lesney ilipoingiza Superfast, magurudumu ya plastiki na ekseli nyembamba, ili kuwajibu Hot Wheels. Hawa nao sikuwakubalia. Kwenye meza niliweka Ford Zodiac mbili, namba 53, zangu mwenyewe. Ya mwaka 1968 ina magurudumu ya zamani, ya pili ina Superfast. Inua boneti ya yoyote kati yake, utakuta tairi ya akiba imelala mle mle. Bodi ni ile ile, kampuni ni ile ile. Mtu aniambie kilichokufa hapo ni nini. Wageni waliinamia zile mbili kuliko kitu kingine chochote, na waliokuwepo ni mashahidi.

Vigari vya baada ya 1982 havikufukuzwa, vilipewa meza yake. Malalamiko kwamba meza hiyo ilikuwa karibu na mlango wa jikoni nimeyapokea, ila jikoni ndiko chai iliko, na watu walipita hapo zaidi kuliko kwingine. Vigari vya makampuni mengine, Dinky za Liverpool na Corgi za Swansea, vilikuwa upande wa dirishani, na wenyewe hawakunung'unika. Wanachama wanne wamejiondoa kundini kwa ajili ya jambo hili. Kati yao aliyelipa ada ni mmoja.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia, Mungu akipenda, kupata ukumbi mkubwa zaidi, kuandaa kijitabu, kuwavutia vijana, na pengine kuwasiliana na wakusanyaji wa Mombasa na Dar es Salaam tukishawapata. Kamati itaangalia. Mstari wa 1982 utabaki mpaka mkutano wenye akidi uubadilishe, na leo, kwa hesabu ya Katibu, tuko 14.

Wanaodaiwa wamwone Mweka Hazina kabla ya chai. Naomba kuwasilisha.