Wifi yangu asema nilijua nikanyamaza

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa kumi za usiku, na wiki hii ni mara ya tatu alfajiri inanikuta macho. Nisamehe nikirukaruka.

Kuna neno wifi yangu alilisema msibani, mbele ya watu: "Huyu alijua, akanyamaza." Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningesema ni uchungu wa mfiwa. Alilisema taratibu, huku anakunja shuka, na wote waliokuwa chumbani wakanigeukia.

Nilichojua ni ndoto tu, Shangazi. Siku 4 kabla kaka hajaanguka niliota nasukutua, jino la juu likang'oka, likanidondokea kiganjani. Halikuuma wala halikutoa damu. Lilikuwa na joto, kama yai lililotagwa sasa hivi. Kaka alikuwa mlangoni nyuma yangu akiuliza, "Hujamaliza tu?" Nikalificha jino ngumini asilione. Nilipozinduka ngumi ilikuwa bado imefumbwa, kucha zimeniachia alama 4 kiganjani.

Unajua mwenyewe jino linavyofasiriwa. Nimekua nikisikia kwamba jino kung'oka ni kufiwa, kwamba kuota harusi ni msiba, na kulia ndotoni ndiyo heri. Lakini madrasa nako tulifundishwa kuwa ndoto mbaya hutoka kwa shetani: ukiamka uteme mate kushoto mara 3, ujikinge kwa Mungu, ugeukie ubavu mwingine, na usimsimulie mtu. Nikafanya vilevile, hatua kwa hatua. Tulisomeshwa pia kwamba ndoto iko mguuni mwa ndege, ikishafasiriwa ndipo huanguka. Hata Nabii Yaakub alimkataza Yusuf asiwasimulie nduguze ndoto yake, na ile ilikuwa ndoto njema. Sasa nilimkosea nini huyu mwanamke?

Labda kosa langu ni kusema baadaye. Usiku ule wa msiba sikuwa na akili, nikamshika mkono nikamwambia, "Niliota, wifi, niliota." Nilikuwa natafuta wa kulia naye. Asubuhi ndiyo akatoa lile neno.

Rafiki yangu muuguzi anasema ndoto haileti habari kutoka mbali, usingizini akili hutafuna kilichoonwa mchana. Akaniuliza kama kaka alikuwa na dalili yoyote. Nikamwambia hapana. Si kweli. Nilimwona akihema kwenye ngazi, akishika ukuta. Nilijua ana presha na dawa ameacha kwa kuwa "anajisikia vizuri". Miguu yake ilikuwa imevimba, soksi zinamwachia mstari. Lakini mkewe si alikuwa naye kila siku? Mbona mimi ndiye nimejua nikanyamaza?

Haya, tuyaache hayo.

Mimi siyo mtu wa kuamini ndoto, nakuhakikishia. Tangu kaka afariki naziandika kwenye daftari ili nijithibitishie tu kwamba ni upuuzi. Nimeandika 23. Meno yameng'oka mara 3 na hakuna aliyekufa. Nyoka aliniuma, nikaamka salama. Ukihesabu hivyo unaona kabisa kwamba tunazikumbuka zile zilizosadifu, nyingine zinakwenda na umande. Nalijua hilo. Mchana nalijua vizuri.

Ila juzi nimemwota wifi. Amevaa nguo nyeupe, wanawake wanampigia vigelegele, na maji machafu yanapanda taratibu mpaka magotini mwake na hakuna anayeyatazama. Alikuwa ananiangalia mimi. Jana usiku ndoto ikarudi, maji yakiwa kiunoni.

Na nimesikia Ijumaa anasafiri na watoto, kwa gari, safari ya kutwa nzima.

Hatujasemezana miezi 5. Nikimpigia na kumwambia nimekuota vibaya, atasema namwombea mabaya, au kwamba kaka haikutosha. Na ikiwa ndoto huanguka inapotamkwa, basi mimi ndiye nitakayekuwa nimeiangusha juu ya watoto wa kaka yangu. Nikinyamaza na kukatokea jambo, Mungu aepushe, lile neno lake litakuwa kweli na nitaishi nalo. Nimewaza nimpigie nimwulize tu kama gari limekaguliwa na kama dereva amelala vya kutosha, nisitaje ndoto. Lakini anaijua sauti yangu, atahisi.

Sitaki msamaha wake, Shangazi, sijamkosea. Nataka tu awaambie wale waliokuwepo chumbani kwamba sikujua. Au aniambie mimi peke yangu, yatosha. Halafu najiuliza, akisema "hukujua", nitamwamini? Ngazi zile nilizipanda naye. Nilimsubiri juu, akafika, akacheka, nami nikacheka.

Wengine wameniambia nimtafute mfasiri wa ndoto. Sitaki, naogopa atakachosema. Wewe umesoma barua za watu wengi kama mimi, niambie kama kuna aliyesema akajuta, au aliyenyamaza akapata usingizi. Nimpigie au nisimpigie? Na nikimpigia nianze na lipi, na ndoto, au na zile ngazi, ambazo hajawahi kuzisikia kwangu?

Tafadhali unijibu kabla ya Ijumaa.

Wifi yake