Faini ya kalori imemwonea mama wa samaki

Mhariri,

Mimi ni fundi wa kushona hapa Kibuye, Kisumu, na pia ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama saba tunaotembea jioni kutoka Kondele kuelekea Mamboleo. Naandika kwa sababu ya faini ya shilingi 100.

Mwaka jana muuguzi alinipima presha, akanipandisha kwenye mizani, akasoma kilo 88, akatikisa kichwa na kuniambia nitembee. Binti yangu akanitumia saa ya mazoezi kutoka Nairobi. Wenzangu nao wakanunua zao mjini, ndipo tukapatana: kila Jumapili tusome kalori ambazo saa inasema tumechoma wiki hiyo, na wa mwisho atoe 100. Wiki tano mfululizo aliyetoa ni yule yule, mama anayeuza samaki. Huyo huamka alfajiri kufuata samaki Dunga, kisha huzunguka mitaani na karai kichwani, mkono mmoja umeshika ukingo.

“Mweka hazina, hii saa inaniibia,” aliniambia akinikabidhi noti ya tano. Nilicheka, nikaandika daftarini.

Wiki ya sita sikucheka. Nilikuwa kwenye cherehani yangu ya miguu tangu saa mbili asubuhi, nashona sare za shule, mara saa ikatetemeka: inuka utembee, umekaa mno. Miguu imekanyaga asubuhi nzima! Lakini mkono ulitulia, ukiongoza kitambaa tu. Usiku wake nikasonga ugali wa watu wanane, nikatazama, hatua zimeongezeka na mlango wa jikoni sijauvuka. Hapo nikalielewa lile karai. Saa hufuata mwendo wa mkono, na mkono ulioshika karai hauchezi. Tena siku ya kwanza ilituuliza umri, urefu, uzito, na kama ni mwanamke au mwanamume. Mzigo haikuuliza. Samaki wote wale kichwani, kwake hawapo.

Sisi mafundi tunajua kupima na tunajua kukisia. Mteja akisimama mbele yangu navuta tepu. Akinitumia ujumbe kwamba yeye ni “mnene kiasi,” nakata kwa kubahatisha na kuacha nafasi kubwa ya kufumulia. Saa hukata kwa namna hiyo ya pili. Anayetaka kujua kalori kwa kipimo cha kweli huvishwa barakoa inayopima oksijeni anayotumia na hewa chafu anayotoa. Kila lita moja ya oksijeni ni kama kalori 5. Saa haina barakoa. Inamulika ngozi kwa taa ya kijani, inahesabu mapigo ya damu, inachanganya na kilo zako na umri wako, halafu inakadiria.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwavisha watu 60 saa za aina 7, wakawatembeza na kuwakimbiza kwenye mashine, wakawapandisha baiskeli ya mazoezi, huku pumzi zao zikipimwa. Mapigo ya moyo yalisomwa vizuri: aina 6 kati ya hizo 7 zilikosea kwa chini ya asilimia 5. Kwenye kalori mambo yakaharibika. Saa iliyokaribia ukweli kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mkiani asilimia 93. Makosa yalizidi kwa wanaume, kwa wenye miili mikubwa, kwa wenye ngozi nyeusi zaidi, na wakati wa kutembea. Mimi si mwanamume, lakini hayo mengine matatu ni yangu yote. Najua saa za leo si zile za 2017, ila barakoa bado hazina.

Jioni moja nilitembea saa nzima, na saa ikaandika kalori 412. Asilimia 27 ya hapo ni 111, karibu sawa na kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia. Tena ndani ya hizo 412 mna themanini na kitu ambazo mwili wangu ungezitumia hata ningeketi kibandani natazama wapita njia. Nami nilikuwa nazila zote! Natembea, nasoma, najilipa chapati. Kwa miezi miwili nimeifumua sketi yangu mwenyewe kiunoni mara mbili.

Hata moyo unaosomwa vizuri huipotosha saa. Mwezi Machi niliitwa Iten kupima majoho ya kwaya. Kisumu tuko mita 1,100 na kidogo juu ya bahari, Iten ni karibu 2,400. Nilitembea kipande tu, moyo ukaenda mbio kwa uhaba wa oksijeni, na saa ikamwaga kalori kama mvua. Ni vivyo hivyo nikitoka saa nane mchana, jua la Kisumu likiwa utosini: moyo unahangaika kuupoza mwili, saa inadhani napanda mlima.

Sisemi tuzitupe. Yangu imenionyesha kwamba mapigo yangu nikiwa nimepumzika yameshuka tangu nianze kutembea, na hilo lilimfurahisha muuguzi. Njia ile ile, wakati ule ule wa siku, naweza kujipima na mimi wa mwezi jana. Lakini mimi na mama wa samaki hatupimiki kwa namba hiyo. Shirika la Afya Duniani lenyewe huwahimiza watu wazima kufanya mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Dakika, ambazo mwenzetu huyu huzimaliza kabla ya Jumatano.

Kwenu gazetini nina ombi moja. Mnapochapa yale majedwali ya “tembea nusu saa uchome kalori kadhaa,” wekeni neno makadirio, na mtuambie ni ya mtu wa kilo ngapi.

Jumapili iliyopita nilitoa shilingi 500 kwenye sanduku la kikundi nikamrudishia mama wa samaki. Wawili walinuna. Mmoja ndiye aliyekuwa akiongoza kila wiki, na saa yake huivaa ikilegea kama bangili. Anataka tupige kura.

Fundi cherehani,
Kibuye, Kisumu